Tulivyorudisha wekundu wa Peugeot ya Baba kwa mikono mitupu

MNUNUZI wa vyuma chakavu alifika nyumbani kwetu Thika Jumamosi moja asubuhi. Alilizunguka gari la marehemu Baba mara moja, akapiga teke gurudumu lililoishiwa upepo, kisha akamtajia Mama bei ya kilo. Hakufungua boneti. Hakuuliza hata kama injini bado imo. Alisema angerudi na lori mwisho wa mwezi.

Mama hakukataa. Gari hilo, Peugeot 504 ya miaka ya 80, lilikuwa limekaa chini ya mwembe kwa miaka tisa. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Watoto wa majirani walikuwa wameandika majina yao kwenye vumbi la vioo. Na rangi yake, ambayo kwenye picha za harusi ya shangazi ni nyekundu ya kukufanya ugeuke, ilikuwa imekuwa kitu fulani kati ya waridi na majivu.

"Mama, tupe huu mwezi," nilimwambia jamaa alipoondoka.

"Mwezi wa nini? Hii gari haijawaka tangu babako atuache."

"Tutaanza na rangi tu. Ikikataa, mwache aichukue."

Alinitazama, akamtazama binamu yangu aliyekuwa amesimama nyuma yangu kama shahidi. "Haya. Lakini lori likija nikute bado inafanana na kuku aliyenyonyoka, msinililie."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi. Binamu alikuwa amefanya kazi ya karwash huko Juja kwa miezi kadhaa. Huo ndio ulikuwa ujuzi wetu wote. Tulikwenda kwanza kwa fundi wa bodi mtaani kuuliza bei ya kupuliza rangi upya. Alitutajia Sh80,000, bila kuhesabu kuziba kutu. Tukashukuru, tukaondoka polepole kama watu waliokuwa na hizo doo lakini wanafikiria kwanza.

Kilichobaki ni mikono yetu.

Gari lililobeba nchi

Kwa kijana aliyekua akiona Probox na Vitz, Peugeot 504 ni gari la kwenye albamu. Wazazi wetu waliiita Pijo. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Hapa kwetu ziliunganishwa Mombasa. Ilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Uswidi, na 504 nyingine ikashinda tena 1978 mikononi mwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas. Zile ndefu ndizo zilizobeba abiria wa safari za mbali kwenda Bonde la Ufa na Magharibi, kabla ya Nissan kuchukua barabara.

Ya Baba ilikuwa saluni ya kawaida. Haikushinda mbio zozote. Ilitupeleka shule, kanisani na hospitali, na ilimpeleka yeye kazini hadi alipougua.

Rangi huzeeka vipi

Pitisha kidole kwenye gari jekundu lililokaa juani miaka mingi. Kidole kitatoka na unga wa waridi, kama umegusa chaki. Huo unga ndio maelezo ya tatizo lote.

Rangi ya gari ina sehemu mbili kuu: chembechembe zinazoipa wekundu au ubuluu wake, na gundi ngumu inayozishikilia pamoja. Miale ya jua, hasa ile isiyoonekana kwa macho, huivunja gundi hiyo kidogo kidogo. Gundi ikishavunjika, chembechembe za juu hubaki zikielea kama vumbi. Mwanga ukigonga uso wa namna hiyo hutawanyika ovyo badala ya kurudi kama kwenye kioo, na jicho lako linaona mpauko.

Sisi tuko karibu na ikweta, na tuko juu. Thika iko takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000, miale hiyo huongezeka nguvu kwa karibu asilimia 10. Nyekundu nayo ni kati ya rangi zinazopauka upesi, kwa kuwa humeza sehemu ya mwanga iliyo na nguvu nyingi. Kwa hivyo gari jekundu, chini ya jua letu, bila nta wala kivuli cha maana, halina bahati.

Utasema mwembe ulikuwa kivuli. Mwembe ulikuwa adui wa pili. Wadudu wanaofyonza majani yake hudondosha maji matamu yanayonata, na juu ya utamu huo huota ukungu mweusi. Ongeza utomvu, ongeza ndege wanaolala matawini. Kinyesi cha ndege kina asidi, na kikikaa juani huchimba rangi hadi kuacha alama yenye umbo lake.

Jaribio la kitambaa cheupe

Kabla ya kununua chochote, jiulize gari lako lina rangi ya aina gani. Kuna mbili.

Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la rangi, kisha juu yake tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Mng'ao unaouona ni wa klia. Magari mengi ya zamani, kama la Baba, yana rangi moja tu kuanzia chini hadi juu, na mng'ao ni wa rangi yenyewe.

Namna ya kujua ni rahisi. Tafuta sehemu iliyojificha, weka tone la polishi kwenye kitambaa cheupe cha pamba, usugue kidogo. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, huna klia. Kikibaki cheupe au kikichafuka tu kwa uchafu wa kawaida, unagusa klia.

Tofauti hii ni muhimu sana. Klia ikianza kubambuka kama ngozi iliyoungua na jua, hakuna kusugua kutakakoirudisha. Hilo ni la kupulizwa rangi upya, na mtu akikuahidi vinginevyo anataka hela zako. Lakini rangi ya zamani ya tabaka moja iliyopauka inaweza kuwa hai chini ya huo unga.

Tulifungua mlango wa dereva tukatazama sehemu ya ndani ambayo jua halifiki. Ilikuwa nyekundu kabisa. Binamu alisugua kona ya buti kwa fulana yake ya zamani, akainyanyua juu. Ilikuwa na doa jekundu la ukubwa wa kiganja.

"Buda, iko," alisema.

Kuosha ni nusu ya kazi

Tulilisukuma gari kutoka chini ya mwembe, watu watano na kelele nyingi, tukaliweka kando ya nyumba mahali ambapo jua la mchana halifiki. Kisha tukaosha kwa siku mbili nzima.

Kuosha gari lililotelekezwa si kama kuosha gari la Jumapili. Vumbi lililokauka ni mchanga, na ukilisugua kabla ya kulilowesha unapiga msasa bila kujua. Tulimwaga maji mengi kwanza, kuanzia paani kushuka chini. Halafu ndoo mbili: moja ya maji yenye sabuni ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kila baada ya kupitisha. Ndoo ya pili ilikuwa na matope chini kila mara. Matope hayo yote yangekuwa mikwaruzo.

Tuliacha sabuni ya unga ya kufulia nguo, kwa kuwa ni kali na huiacha rangi kavu zaidi. Tuliacha pia ule ujanja wa mtaani wa kupaka dizeli ili bodi ing'ae. Hung'aa, ndiyo, kwa siku moja, kisha inashika kila vumbi linalopita. Na mtu asikudanganye kutumia mafuta ya breki: hayo hubabua rangi kabisa.

Utomvu uliokauka tuliulainisha kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, sekunde chache tu kila mara, kisha maji. Majani yaliyooza chini ya kioo cha mbele tuliyachokoa kwa vidole. Hapo ndipo maji hutuama na kutu huanzia, na kweli tulipata mbili tatu zimeanza.

Baada ya kuosha, gari lilionekana safi lakini halikuwa laini. Kuna njia ya kujua. Vaa mkononi mfuko mwembamba wa nailoni, upitishe vidole juu ya rangi, nawe utahisi chembe ambazo mkono mtupu hauzihisi. Kwa vile mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku 2017, tulitumia nailoni ya mkate. Bodi yote ilikuwa kama ulimi wa paka.

Dawa yake ni udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaonyumbulika kama ugali uliopoa kidogo. Unalowesha bodi kwa maji ya sabuni, unateleza udongo huo taratibu bila kukandamiza, nao unanasa chembe zilizojishikiza. Ukiuangusha chini, utupe. Usiuokote ukaendelea, kwa kuwa umeshabeba mchanga. Sisi tuliangusha kipande kimoja siku ya kwanza, tukakitazama kwa huzuni, tukakitupa.

Kuinywesha mafuta

Hapa ndipo wengi huharibu. Wakiona rangi imepauka wanakimbilia kompaundi kali, wanasugua kwa hasira, na rangi iliyokauka inabanduka kwa wingi kuliko inavyohitajika.

Wapenzi wa magari ya zamani wana njia ya upole. Rangi kavu wanaanza kwa kuipa mafuta. Wanatumia polishi isiyo na makali, yenye mafuta mengi, ya ukoo mmoja na zile za kung'arisha mbao. Si ajabu: kampuni ya Marekani ya Meguiar's, ambayo leo kila mpenda magari anaijua, ilianza mwaka wa 1901 ikitengeneza polishi ya fanicha.

Unapaka polishi hiyo kwa wingi, unaisugua kwa taulo la pamba lenye vinyweleo, eneo dogo kwa wakati, kama sentimita 40 kwa 40. Vinyweleo vya taulo hukwangua ule unga uliokufa huku mafuta yakiingia kwenye nyufa ndogo za rangi. Kisha unapaka tena na kuacha usiku kucha. Asubuhi unafuta, unarudia.

Tulivaa glavu na barakoa. Rangi za zamani, hasa nyekundu na za manjano, huenda zikawa na madini ya risasi, na hakuna gari linalostahili kuingia kwenye damu yako. Ndiyo maana pia hatukusugua kavu hata mara moja, na matambara yaliyochafuka tuliyatia kwenye mfuko mmoja mbali na kuku na watoto.

Mraba wa kwanza ulikuwa katikati ya boneti. Niliusugua kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, kwa kuwa ukizungusha mkono unaacha miviringo inayoonekana jua likipiga. Dakika kumi. Taulo liligeuka jekundu kama tumechinja mbuzi. Nilipofuta, palikuwa na dirisha jekundu katikati ya bahari ya waridi.

Mama alikuwa akianika nguo. Aliona. Hakusema kitu, akaendelea kuanika, lakini akahamia kamba iliyo karibu na gari.

Kazi hii haina mkato. Mlango mmoja ulitula jioni nzima. Paa lilitula siku mbili, mmoja wetu akisimama juu ya kreti ya soda. Mabega yaliuma kuliko mazoezi yoyote ya jimu. Mashine ya kung'arisha ingemaliza kwa siku moja, lakini mashine ina joto na nguvu, na mikononi mwa mtu asiyeizoea hula rangi kwenye kingo kabla hajashtuka. Mkono ni mwepesi wa kuhisi. Rangi ikianza kuwa laini, kitambaa kinateleza tofauti, hata sauti inabadilika.

Tulifanya kazi asubuhi na jioni tu. Bati likiwa na joto polishi hukauka kabla hujaisugua, unabaki kupigana na ukoko.

Sarafu ya kijivu

Wiki ya tatu tuliingia kiburi. Bodi nyingi ilikuwa imerudi, na tulikuwa tumeshapitisha kompaundi laini kuondoa mpauko wa mwisho. Lakini kwenye boneti, karibu na ukingo, palikuwa na alama ya kinyesi cha ndege iliyochimba. Ilikataa polishi, ikakataa kompaundi.

Tulikuwa na msasa wa maji, namba 2000. Kwa msasa wa aina hii, namba ikipanda ndivyo unavyokuwa laini zaidi, kwa hivyo 2000 hauonekani wa kutisha. Unaulowesha kwenye maji ya sabuni, unauzungushia kipande cha raba kilicho bapa, unapitisha mara chache, unafuta, unaangalia.

Binamu alipitisha mara chache, akafuta, akaangalia. Alama ilikuwa imepungua. Akaendelea. Simu yake ikalia, akajibu huku mkono mmoja bado unasugua. Alipofuta tena, alama ya ndege haikuwepo. Palikuwa na duara la kijivu la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini.

Hiyo kijivu ni praima, rangi ya msingi. Maana yake rangi ya Baba mahali hapo ilikuwa imekwisha, na hakuna polishi duniani inayoweza kurudisha kitu ambacho hakipo.

Nilimfokea. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Alitupa raba chini, akachukua koti lake, akaenda.

Jioni hiyo nilikaa peke yangu nikipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema. Rangi yote ya gari la kisasa, kutoka bati hadi juu, kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 150. Karatasi ya printa ni kama 100. Ile klia peke yake mara nyingi haifiki nusu ya karatasi. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi rangi huwa nyembamba zaidi, kwa kuwa ilipokuwa mbichi ilivutika kutoka hapo, na ndipo kila anayeosha na kusugua hukandamiza. Kila unapong'arisha unatoa kidogo. Gari lina idadi fulani ya kung'arishwa maishani mwake, kama daftari lenye kurasa chache, na sisi tulikuwa tumechana moja kwa ajili ya alama ambayo hakuna mtu angeiona kutoka hatua mbili.

Asubuhi nilimpigia binamu. "Nilikosa," nikamwambia. "Hata mimi ningesugua tu." Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama chai iko. Kutoka siku hiyo tuliweka sheria mbili. Kila ukingo unafunikwa kwa tepu ya karatasi kabla ya kugusa kompaundi. Na yeyote akisema "acha", mwenzake anaacha papo hapo, hata kama hakubaliani.

Brashi ya Baba

Sheria ya pili ilitumika siku mbili baadaye, na ni mimi niliyesema acha.

Tulikuwa kwenye bodi ya nyuma, upande wa kushoto, juu ya gurudumu. Gari lilipokuwa limepauka, upande huo ulifanana na mwingine wote. Wekundu uliporudi, mstari ulianza kujitokeza: mrefu kama mkono wangu, mwekundu uliokoza kidogo kuliko rangi inayouzunguka, una mawimbi ya brashi ndani yake. Mtu alikuwa amepaka rangi kwa mkono.

Binamu alitaka kuusawazisha kwa msasa. Fundi yeyote angetaka hivyo, kwa sababu rangi ya brashi hukaa juu kama kovu, na ukiipunguza taratibu hadi ilingane na bodi haionekani tena.

Nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa napita na baiskeli kati ya gari na ukuta, mahali nilipokatazwa kupita, na mpini ukakwaruza bodi kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilijificha kwa jirani hadi usiku. Baba hakunichapa. Jumapili iliyofuata alinunua mkebe mdogo wa rangi, akaniita nishike mkebe huku yeye akipaka kwa brashi ndogo, polepole, akiwa ametoa ulimi kidogo kama mtoto anayechora. Alipomaliza aliniuliza, "Inaonekana?" Nikasema hapana. Ilionekana sana.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka tisa ya jua ilikuwa imeufuta mkwaruzo na brashi na yote, na ilichukua wiki tatu za kusugua kuirudisha siku hiyo.

Tuliusugua mstari ule kwa polishi ya mafuta tu, ukang'aa pamoja na bodi nyingine. Msasa haukuugusa.

Nta, kisha kivuli

Rangi iliyofufuliwa bila kufunikwa itarudi kaburini kabla ya msimu kuisha. Umeondoa ule unga uliokufa, sasa sehemu mpya ndiyo inayokabiliana na jua.

Tulitumia nta ya karnauba, inayotokana na majani ya aina ya mtende unaomea kaskazini mashariki mwa Brazil. Inapakwa tabaka jembamba sana. Ukipaka nene hujaongeza kinga, umejiongezea kazi ya kufuta. Unaacha ikauke hadi ukipitisha kidole haivutiki, kisha unafuta kwa kitambaa safi cha maikrofaiba. Kesho yake tabaka la pili. Nta hudumu wiki kadhaa, labda miezi michache kama gari liko kivulini, kwa hivyo ni jambo la kurudiwa. Kilicho kizuri ni kwamba kupaka nta hakupunguzi rangi.

Ile sarafu ya kijivu tuliifuata nyayo za Baba: mkebe mdogo, brashi ndogo. Inaonekana sana.

Kisha tukapiga mabati manne juu ya nguzo za zamani za ua, gari likapata kibanda. Kati ya yote tuliyofanya, hayo mabati manne ndiyo yatakayoisaidia rangi hiyo zaidi ya kila kitu kilichotoka kwenye chupa. Vifaa vyote, ukiacha mabati ambayo tayari yalikuwepo, vilitugharimu Sh6,800.

Je, kuna hela?

Wasee wengi wameniuliza hili, na nitajibu bila kuipamba. Gari halijawaka. Injini ni hadithi nyingine na itahitaji fundi wa kweli na pesa za kweli. Rangi nayo si mpya. Ukisimama karibu utaona mashimo madogo ya mawe, kutu mbili tulizozikwangua na kuzifunika, kijivu kilichofichwa, na kovu la baiskeli. Halitashinda tuzo pale Concours d'Elegance ya Ngong Racecourse.

Lakini jirani mwenye pikapu nyeupe aliyekuwa akipita kila siku akitucheka, alisimama Jumatano moja akauliza tungemfanyia kwa ngapi. Hiyo ilikuwa gari la kwanza la kulipwa. Tangu hapo tumefanya mengine matatu. Moja tulilikataa: klia ilikuwa inabambuka paani, na tulimwambia mwenyewe ukweli kuwa kusugua kungekuwa kumwibia. Alikasirika, kisha akamtuma shemeji yake na gari lingine.

Kama una gari la mzee linalooza uani, au unatafuta hasla isiyohitaji mtaji mkubwa, usianze na boneti wala paa. Anza na kona moja ya buti. Osha vizuri, fanya jaribio la kitambaa cheupe, tumia kilicho laini kabisa ulicho nacho kabla ya kikali. Piga picha kabla na baada. Na mtafute mwenzako atakayekwambia uache.

Lori la vyuma chakavu lilikuja mwisho wa mwezi kama lilivyoahidi. Safari hii jamaa alilizunguka gari mara tatu, na hakupiga teke gurudumu. Alimtajia Mama bei nyingine, ya gari zima sasa, si ya kilo. Mama akamwambia mwenye gari hayupo.

Juzi asubuhi nilitoka nje nikamkuta, amevaa tayari kwa kanisa, amesimama kibandani anapangusa vumbi kwenye boneti kwa ncha ya leso yake.

"Mama, usipanguse ikiwa kavu! Hilo vumbi ni mchanga, unaikwaruza!"

Hakugeuka. "Babako alikuwa akinipigia kelele hivyo hivyo," alisema, na akaendelea kupangusa.

Nikaenda kuleta maji.